Nati Iliyokazwa Mara Tatu

Harufu ile niliisikia mara ya kwanza siku tuliyopeleka mpunga wa jirani yetu Asteria mashineni. Tulikuwa tunapanda kilima kilicho kabla ya kuingia Runzewe, mjukuu wangu Jenifa akiwa kwenye usukani, mimi pembeni yake, na magunia sita nyuma. Injini ikapiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, lakini gari halikuongeza mwendo hata kidogo. Nilitazama nje dirishani. Kulikuwa na mama mmoja anapanda kwa miguu, ndoo ya dagaa kichwani, na tulikwenda naye sambamba kwa muda wa kutosha kusalimiana vizuri.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Unafika sokoni saa ngapi?"

"Kwa mwendo huu nitawatangulia, niwawekee nafasi."

Akacheka, nasi tukacheka, na kweli kidogo atutangulie. Tulipofika juu ndipo harufu ikaingia ndani. Ilikuwa kama kwato ya ng'ombe iliyotupwa motoni. Jenifa akakunja uso, akanusa upande wake, akanusa upande wangu.

"Bibi, ni nini hicho?"

"Sijui," nikasema. "Lakini nimewahi kuisikia mahali."

Gari letu ni kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo ambako huku kwetu kanabeba kila kitu, kuanzia mihogo hadi majeneza. Ni mali ya mwanangu Eustace, mwenye duka Bugarama. Jenifa ni mtoto wa binti yangu Anisia aliyeolewa Songwa. Alikuja kuishi nami alipomaliza shule, akajifunza udereva kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona kwenye madaftari yake, na mwaka jana mjomba wake akamkabidhi ufunguo kwa masharti mawili: gari lioshwe kila Jumamosi, na mtu yeyote asiguse mitambo yake bila ruhusa. Mwanzoni wanaume walikuwa wanamwambia, "Dada, teremka tukusaidie kugeuza." Siku hizi wanampigia simu alfajiri wamuwahi kabla hajachukuliwa na mwingine.

Mimi huwa napanda naye karibu kila siku. Hana haja nami, lakini hajawahi kuniambia nibaki. Nimetembea kwa miguu miaka mingi sana, na kukaa huku naona miti inanipita ni jambo ambalo bado sijalichoka.

Siku ile tuliporudi nyumbani nilikaa nikiifikiria ile harufu mpaka nikaikumbuka. Marehemu mume wangu, Telesphori, alikuwa na karasha kule machimboni, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na mimi nilikaa kando ya mashine ile miaka kumi na mmoja nikiilisha mawe. Karasha inazungushwa na injini kwa mkanda wa mpira. Mkanda ukilegea, injini inanguruma lakini ngoma ya mawe inazunguka kwa uvivu, na mpira unanuka vilevile, kama kwato. Dawa yake tuliijua sote, hata akina mama tuliokuwa hatujui kusoma vizuri. Unachukua spana, unakaza. Basi.

Jirani yetu Donatus anaendesha karasha mpaka leo, hatua chache kutoka uani kwangu. Nilimwita akaja na vumbi lake la mawe hadi kwenye kope.

"Gari linateleza mkanda," nikamwambia.

"Mama Eustace, gari halina mkanda wa kuzungusha magurudumu."

"Lina nini?"

Akalala chini akaangalia. Donatus ni mtu asiyejua kukataa. Mwaka ule nilipougua malaria na Jenifa hajaja, alinichotea maji wiki tatu, na kila ndoo aliiweka mlangoni akaondoka bila kubisha, eti asinisumbue kuamka. Sasa alikuwa chali chini ya kirikuu, naye alikuwa ametoka kazini.

"Kuna waya mnene," akasema kutoka huko chini. "Umetoka kwenye pedeli ya klachi, umefika hapa kwenye kijiti, na mwisho wake kuna nati."

"Huo huo. Ukaze."

"Nikaze?"

"Kitu kikiteleza kinakazwa, Donatus. Wewe ni mtu wa karasha au siyo?"

Akakaza. Jenifa akajaribu pedeli, akasema imepanda juu kidogo na imekuwa nyepesi kufika. Tukafurahi. Nikampa Donatus karanga kwenye bakuli.

Baada ya siku kumi kelele ikarudi, Donatus akakaza tena. Baada ya wiki nyingine akakaza mara ya tatu, nati ikagoma kwenda mbele. Jenifa akaniambia, "Bibi, siku hizi klachi inashika huku juu kabisa. Naachia mguu karibu wote ndipo gari linaondoka."

"Hiyo ndiyo afya," nikamjibu, na nilikuwa na uhakika kabisa.

Alhamisi moja Eustace akaja kwa basi bila kutuambia. Alitaka kwenda mjini kuona watu wa mpunga, akaingia kwenye usukani mwenyewe, Jenifa akapanda nyuma na mimi nikakaa mahali pangu. Gari lilikuwa tupu, lakini pale kilimani likapiga kelele kuliko siku ya magunia. Harufu ikajaa. Eustace akasimamisha pembeni, akashuka, akazunguka gari lote kama mtu anayekagua ng'ombe aliyeuziwa.

"Jenifa. Unalalia klachi."

"Silalii, mjomba."

"Unaweka mguu juu ya pedeli muda wote, sahani inaungua. Madereva wanaoanza wote ndivyo walivyo."

"Sijaanza leo, mjomba. Na mguu wangu siuweki pale."

"Klachi haijichomi yenyewe. Kuna mtu mwingine amegusa gari hili?"

Jenifa akashuka kutoka nyuma. "Hapana, mjomba," akasema.

Nikafungua mdomo. Jenifa alikuwa amesimama karibu na mlango wangu, akaingiza mkono dirishani, akanibonyeza goti. Nikadhani hataki nigombane na mwanangu njiani watu wakitazama. Nikafunga mdomo.

"Jumamosi nakuja na Evance," Eustace akasema. "Ni dereva wa Kahama, ameendesha malori. Nitampa yeye. Wewe utapumzika."

Neno hilo, utapumzika, lilimwingia Jenifa vibaya. Jioni ile alitoa ndoo akaliosha gari ingawa ilikuwa bado Alhamisi. Aliosha hata mahali pasipoonekana. Nilimkuta anafuta usukani kwa kanga yake.

"Bibi, nikiondolewa hapa hakuna mtu atakayenipa gari lingine," akasema. "Watasema ni yule msichana aliyeua klachi ya mjomba wake. Nitarudi Songwa kukaa."

Hakulia. Ingekuwa nafuu angelia, ningejua la kufanya.

Lakini mimi nina ubishi mmoja wa tangu utotoni: kitu nikiambiwa kimekuwa hivi, nataka nikione. Ijumaa asubuhi nikamwambia anipeleke Runzewe kwa Bujiku, fundi mzee ambaye gereji yake iko nyuma ya soko. Na njia nzima sikutazama miti. Niliinama nikautazama mguu wake wa kushoto.

"Bibi, umeangusha nini?"

"Sijaangusha. Endesha."

"Unatafuta nini sasa?"

"Mguu wako."

"Upo huku huku, umeungana na paja."

Jenifa huendesha pekupeku, kandambili anaziweka nyuma ya kiti. Anasema akivaa viatu hasikii gari. Niliuona ule mguu unapanda, unakandamiza, gia inaingia, mguu unashuka na kulala kwenye sakafu pembeni, vidole vimetulia kama watoto walioshiba. Ulipanda mara nyingi mpaka tunafika, na kila mara ukarudi chini. Haukulalia kitu. Pale kilimani aliachia pumzi, akatumia gia ndogo, akakanyaga mafuta kwa huruma, na gari bado likapiga kelele.

Kwa hiyo si mguu. Basi ni nini? Nilitaka kujua kama mtu anayekuta sufuria imefunuliwa na nyama imepungua.

Bujiku alikuwa amekaa juu ya tairi anakunywa chai. Ni Msukuma wa maneno machache.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa kwao; mayu ni mama.

"Mwangaluka. Nimekuletea gari linalonuka."

Hakuuliza mengi. Alimwambia Jenifa asimame mahali tambarare, avute breki ya mkono mpaka mwisho, aweke gia ya tatu, akanyage mafuta kidogo, kisha aachie klachi polepole.

"Klachi ikiwa nzima, injini itazimika," akasema. "Maana gari limefungwa breki na gia ni nzito. Ikiendelea kunguruma, ujue haishiki."

Jenifa akaachia. Injini ikaendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Bujiku akanyoosha mkono haraka azime, na harufu ikatoka chini taratibu.

"Eeh," akasema. "Imeteleza."

"Inateleza nini juu ya nini?" nikauliza. "Hicho ndicho ninachotaka kukijua. Kila mtu ananiambia klachi, klachi, hakuna anayenionyesha."

Akanitazama. Nadhani hakuwa amezoea kuulizwa na mtu wa umri wangu. Akanyanyuka akaenda kibandani kwa Bhoke, mama anayepikia mafundi, akarudi na mifuniko miwili ya sufuria na chapati moja. Bhoke akamfuata nyuma.

"Hiyo chapati unairudisha au unainunua?"

"Ninafundisha."

"Fundisha kwa yako!" Lakini hakuondoka, alisimama kuangalia.

Bujiku akashika mfuniko mmoja. "Huu unazungushwa na injini. Injini ikiwaka, huu hauna kupumzika." Akaweka chapati juu yake. "Hii ni sahani ya klachi. Hii ndiyo inayopeleka nguvu kwenye gia, halafu magurudumu." Akaweka mfuniko wa pili juu, akabana. "Huu una springi ngumu sana. Unaibana chapati. Sasa zungusha."

Nikazungusha mfuniko wa chini, chapati ikazunguka nao.

"Umeona. Vimebanwa, vinakwenda pamoja. Sasa dereva akitaka kubadili gia anakanyaga pedeli." Akanyanyua mfuniko wa juu kidogo. "Zungusha."

Nikazungusha. Mfuniko wa chini ukazunguka, chapati ikabaki inasuguliwa, imesimama.

"Kwa hiyo sahani inakwisha kwa kusuguliwa," nikasema.

"Ndiyo. Kwenye kila gari inakwisha, hata dereva awe malaika. Lakini ikiwa mfuniko huu haujashuka wote, umebana nusu, inasuguliwa muda wote. Hapo inaungua. Ndiyo harufu yako."

Nikatazama ile mifuniko. Kulikuwa na kitu kinanisumbua na sikukipata mara moja.

"Fundi. Ule waya unaotoka kwenye pedeli. Unafanya kazi gani hapa?"

"Unanyanyua mfuniko."

"Haubani?"

"Waya haubani, mayu. Springi ndiyo inabana. Waya kazi yake ni kuachia tu."

Nikakaa kwenye tairi lake. Kwenye karasha ukikaza, unabana. Hapa ukikaza, unaachia. Mwezi mzima nilikuwa nimeunyanyua ule mfuniko mara tatu, kila mara juu zaidi, na kumwambia mtoto kwamba hiyo ndiyo afya.

Bujiku alikuwa ameshaingia chini ya gari. "Nani amekaza nati hii?" akauliza. "Imefika mwisho wa uzi!"

"Ilikuwa hivyo hivyo, fundi," Jenifa akasema upesi.

"Ni mimi," nikasema.

Kichwa cha Bujiku kikatokea. Akanitazama mikono. "Wewe, mayu? Una spana?"

"Nina mdomo."

Bhoke alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Bujiku hakucheka. Alirudi chini akalegeza nati ile polepole, huku anamwambia Jenifa abonyeze pedeli kwa mkono. Mwanzoni pedeli ilikuwa ngumu tangu juu. Kisha ikapata nafasi ya kucheza kidogo kabla ya kuvuta, upana wa kidole hivi. Hapo akaacha.

"Nafasi hii usiiondoe tena," akamwambia Jenifa. "Sahani inavyokwisha, nafasi inapungua yenyewe. Ukiona pedeli inashika juu, jua imekonda, inataka kulegezwa, siyo kukazwa."

Wakarudia jaribio la breki na gia ya tatu. Injini ikatikisika, ikakohoa, ikazimika. Sikuwahi kufurahi hivyo kwa gari kuzimika.

"Inashika," Bujiku akasema, "lakini usinishukuru. Imekwisha sana hiyo. Ifunguliwe iwekwe mpya."

"Siwezi kuifungua bila mwenyewe," Jenifa akasema. "Anakuja kesho."

"Basi mpaka kesho usibebe mzigo. Usisimame katikati ya mlima ukaondokea hapo. Usiishikilie gari kwa klachi, una breki ya mkono. Ikianza kupiga kelele, punguza mafuta, usiongeze. Ikinuka, simama ipoe."

Jenifa aliyarudia yote kwa sauti, moja moja, kama katekisimu. Tulipoagana Bhoke alinipa ile chapati nimfungashie mjukuu wangu. Akasema imeshashikwa na mafundi, haiuziki. Ilikuwa bado ya moto.

Njiani nilimuuliza. "Jana ulinibonyeza goti kwa nini?"

Alitazama barabara. "Ungemtaja Donatus. Mjomba angempiga marufuku asikanyage uani. Na wewe ungeona aibu mbele ya mwanao."

"Ulijua kwamba kukaza kunaharibu?"

"Sikujua, bibi. Nilijua tu kwamba tulikatazwa, na kwamba ninyi wawili mlikuwa mnanisaidia."

Nilivunja chapati, nikamlisha kipande huku anaendesha, kama nilivyomlisha alipokuwa na miaka miwili.

Kumwambia Donatus ndiko kulikonitia hofu. Nilimkuta kwenye karasha yake saa za alasiri, kelele zimejaa, nikamfanyia ishara azime. Nilimweleza kwa kutumia viganja vyangu, kiganja hiki injini, hiki springi, na yeye akaweka kiganja chake katikati kikawa sahani. Nilipofika kwenye waya, mkono wake ukaanguka.

"Kwa hiyo mara zote tatu nilikuwa namharibia."

"Mimi ndiye niliyekwambia."

"Spana ilikuwa mkononi mwangu, mama."

"Donatus, kesho nitamwambia Eustace ni mimi. Wewe huna haja ya kuonekana."

Alishika ule mkanda wa karasha yake, akaubonyeza kwa kidole gumba, akawa kama mtu anayeutazama kwa mara ya kwanza.

Jumamosi saa nne wakafika. Evance alikuwa mtu mnene, mcheshi, shati limenyooka. Alinisalimu shikamoo kwa kuinama, akampa Jenifa mkono akamwita mwenzangu, jambo ambalo Eustace aliliona. Kabla mwanangu hajaomba ufunguo nilisema niliyotaka kusema, nimesimama, ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma. Nilisema nati ilikazwa mara tatu, na aliyeamuru ni mimi.

"Mama," Eustace akasema, "nilisema mtu asiguse."

"Ulisema."

"Sasa?"

"Wewe ulisema ukiwa Bugarama. Mimi nilisema nikiwa hapa, na mimi ndiye ninayewapikia. Wangemsikiliza nani?"

Evance akageuka pembeni, mabega yanatikisika kwa kicheko. Eustace hakucheka.

"Na aliyekaza kwa mkono ni nani?"

"Ni mimi, kaka Eustace."

Donatus alikuwa ameingia uani. Alikuwa amenawa uso na kuvaa shati la kanisani, lakini vumbi la mawe lilikuwa bado masikioni. Spana yake alikuwa ameishika mbele kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kitu kilichookotwa. "Namba kumi. Hii hapa. Sitaishika tena kwenye gari."

Eustace alimtazama, akanitazama, akamtazama Jenifa. "Niliuliza juzi. Ukasema hakuna aliyegusa."

"Nilikudanganya, mjomba. Nisamehe."

"Ulikuwa radhi nikunyang'anye gari?"

Jenifa akaitazama spana ya Donatus. Mwanangu akasugua kipara chake. Namfahamu. Alikuwa amelainika ila hajui afanyeje mbele ya mtu aliyemleta kutoka Kahama.

"Hata hivyo," akasema, "sahani imeshaungua. Inataka mtu mzoefu mpaka ibadilishwe. Evance, liwashe tuone."

Evance akaingia, akawasha, akazunguka uwanja kwa ustadi mkubwa. Anajua gari, siwezi kusema uongo. Akasimama karibu nami, injini inaunguruma, akawa anazungumza na Eustace dirishani. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaingiwa na ugonjwa wa kutazama miguu, nikachungulia.

"Baba," nikamwambia, "samahani. Mguu wako wa kushoto umekalia nini?"

Evance akatazama chini kama vile ule mguu ni wa mtu mwingine. Kiatu chake kizito kilikuwa juu ya pedeli, kimejilaza. Akakiondoa upesi.

"Ah! Mazoea, mama. Foleni za mizani. Lori halikusamehe, lazima uwe tayari muda wote."

"Na nafasi ya kidole iliyobaki imekwenda wapi hapo?"

"Imekwenda," akakiri. Kisha, Mungu ambariki, akazima injini akashuka mwenyewe. "Bosi, nikubali nikatae, gari hili nikilichukua mimi leo, sahani hiyo haimalizi wiki. Linataka mguu mwepesi. Hiki changu ni cha lori."

Eustace akachukua ufunguo kutoka kwake. Aliushika kwa muda. Kisha akamnyooshea Jenifa bila kumtazama usoni.

"Utupeleke kwa Bujiku alifungue. Sote. Likifika huko halijanuka, utaendelea nalo. Likinuka, nitajua la kufanya."

Wanaume watatu wakapanda nyuma, nami nikakaa mahali pangu. Jenifa akavua kandambili. Tulikwenda vizuri kwenye tambarare, na mimi nilikuwa nanusa kila mara mpaka Jenifa akaniambia, "Bibi, utapata mafua." Lakini nilijua kilima kinakuja, na yeye alijua. Vidole vyake vilikuwa vimekaza usukani.

Kabla mlima haujaanza akapeleka gari pembeni, akasimama, akavuta breki ya mkono. Akatoa kichwa dirishani.

"Mjomba, naomba mshuke."

Huko nyuma mtu akasimama.

"Nishuke?" Eustace akauliza. "Kwenye gari langu?"

"Klachi haiwezi watu watano kwenye mlima huu. Fundi amesema nisibebe mzigo."

"Mimi ni mzigo?"

"Kilo tisini ni mzigo, bosi," tukamsikia Evance, tayari anaruka chini. "Mimi nina mia na tano, mimi ni shehena."

Nikafungua mlango wangu nishuke nao. Jenifa akanishika kitenge. "Wewe kaa, bibi. Wewe huna uzito wa madebe mawili."

Eustace alishuka wa mwisho. Jenifa akaingiza gia ya kwanza, akaachia mguu wote mara moja lakini kwa upole, akapata mwendo, akaweka ya pili akiwa bado chini, na hakuigusa klachi tena. Injini iliimba sauti moja, nzito, ya chini. Nilikuwa nimeshika dashibodi kwa mikono miwili kana kwamba ninasukuma. Miti ikapita. Ikapita kweli, mmoja baada ya mwingine. Katikati ya mlima tulimpita yule mama wa ndoo ya dagaa.

"Leo mnaniacha!" akapaza sauti.

"Tukuwekee nafasi!" nikamjibu.

Juu, Jenifa akatafuta mahali pa tambarare, akasimama, akazima. Nikavuta pumzi ndefu kwa pua. Vumbi, jasho letu, na dagaa kwa mbali.

Donatus alifika wa kwanza, kisha Evance anahema na kujipepea kwa kofia. Mwanangu alikuja nyuma yao, viatu vyake vya Bugarama vimegeuka rangi ya njia. Alisimama kwenye dirisha langu, akaegemea mlango, akainamisha uso karibu na magurudumu ya mbele, akanusa. Akanusa tena.

Alikwenda nyuma, akapanda, nikasikia Evance akimvuta mkono. Halafu akagonga paa kwa kiganja mara mbili, vile abiria wanavyogonga.

"Twende, dereva," akasema.